UZI MAALUMU: Kuomba vyuo vigumu vya Marekani kama mwanafunzi wa kigeni, hasa ukihitaji ufadhili

KaratasiSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu vyuo vikubwa vya Marekani yanajirudia kila msimu na majibu yanazama katikati ya mabishano, kwa hiyo tuyaweke hapa pamoja. Uzi unamhusu anayeomba shahada ya kwanza, asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani, ambaye familia yake haiwezi kulipa gharama zote. Wenye ujuzi wa sehemu fulani naomba mjazie chini.

Naanza na pesa, maana wengi wanapotea hapo kabla hata hawajafungua fomu. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo binafsi vya daraja la juu, ukijumlisha ada, malazi, chakula, bima na vitabu, zimepita dola 80,000. Lakini usichague chuo kwa kutazama tarakimu hiyo. Tazama sera ya chuo kwa wanafunzi wa kigeni.

Kuna vyuo ambavyo wakati wa kuchagua havijali kabisa kama una pesa au huna, na vikikuchukua vinaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Kwa wageni, humo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na Notre Dame. Dartmouth na Bowdoin waliingia 2022, na Brown walianza na wanaoingia 2025.

Kuna vingine vinavyoziba pengo lote kwa anayechukuliwa, ila wakati wa kuchagua vinatazama unahitaji kiasi gani. Stanford, Columbia, Penn na Swarthmore wako hapa kwa upande wa wageni. Maana yake, waombaji wawili wenye sifa zinazolingana, mmoja akihitaji dola 80,000 na mwingine dola 10,000, hawana nafasi sawa.

Kisha kuna vyuo vya umma. Berkeley na UCLA ni vyuo vizuri sana, lakini mfumo wa University of California kwa kawaida haumpi mgeni msaada kwa kigezo cha uhitaji. Asiye na mfadhili, kuomba huko ni kutupa ada ya maombi.

Kosa linalouma zaidi ni hili: fomu inauliza kama utaomba msaada wa fedha. Mtu anaweka "hapana" akidhani ataongeza nafasi yake, halafu akishapokelewa aombe. Stanford wameandika wazi kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa udahili hatapewa kwa miaka yote minne. Atabaki na barua ya kukubaliwa asiyoweza kuitumia. Kama unahitaji, sema unahitaji.

---

Hesabu Kwanza

Mkuu KaratasiSafi umeanza pazuri. Niongeze ratiba, maana tarehe zinawamaliza watu.

Common App, yaani fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa 1 Agosti kwa wanaoingia mwaka unaofuata. Maombi ya mapema hufungwa 1 Novemba kwa vyuo vingi, majibu yake hutoka katikati ya Desemba. Maombi ya kawaida hufungwa kati ya 1 na 5 Januari, majibu mwishoni mwa Machi, na wewe unajibu kabla ya 1 Mei.

Maombi ya mapema yana sura tatu, na msizichanganye. Early Decision inakufunga: ukikubaliwa unakwenda, unaondoa maombi mengine yote. Mlango pekee wa kutokea ni msaada wa fedha usiotosha. Early Action haikufungi. Halafu kuna Early Action yenye masharti, ya Harvard, Yale, Princeton, Stanford na Notre Dame: haikufungi, lakini huruhusiwi kuomba mapema chuo kingine binafsi cha Marekani, isipokuwa kwa Notre Dame, ambao masharti yao ni mepesi kidogo. Vyuo vya nje ya Marekani vinaruhusiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuomba Yale mapema na Oxford kwa pamoja bila kuvunja kanuni yoyote.

Kwa anayetaka Uingereza pia: UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, kwa Oxford na Cambridge hufungwa 15 Oktoba saa 12 jioni kwa saa za Uingereza. Unachagua vyuo visivyozidi 5, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kuanzia wanaoingia 2026, ile insha ya herufi 4,000 imegawanywa katika maswali matatu, kila jibu lisipungue herufi 350. Ufadhili kamili huko ni haba. Ufadhili wa Reach Oxford upo kwa wanaotoka nchi zenye kipato kidogo, ila ni wachache wanaopewa, unaombwa baada ya kupata nafasi, na haulipii masomo ya udaktari wa tiba.

Common App inafungwa saa 5:59 usiku kwa saa za mahali ulipo. Hata hivyo usiku wa mwisho tovuti inaelemewa na kadi za benki zinakataa, kwa hiyo tumeni siku 3 kabla.

---

mwanadarasa_wa_sita

Naomba kuuliza wakuu. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni lazima? Wengine wanasema imefutwa.

---

Hesabu Kwanza

Kaka, hiyo habari ni ya 2020 na 2021. Tangu hapo wengi wamegeuka. MIT waliirudisha 2022. Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech walitangaza kuirudisha 2024. Columbia bado ni hiari. University of California hawaitazami hata ukiipeleka.

Ila soma vifungu vidogo, maana mgeni ana nafuu ambazo wengi hawazijui. Yale wanapokea SAT, ACT (mtihani unaofanana na SAT), AP (mitihani ya masomo ya Marekani) au IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari). Dartmouth, kwa anayesoma shule iliyo nje ya Marekani, wanapokea pia matokeo ya A-Level au mtihani wa taifa unaolingana nayo. Harvard wanataka SAT au ACT, lakini kwa ambaye kweli hawezi kuifikia wanakubali mitihani mingine, ikiwemo mitihani ya taifa ya kuhitimu. MIT hawana mlango huo: ni SAT au ACT.

Mtihani wenyewe sasa ni wa kompyuta, saa 2 na dakika 14, maswali 98: ya lugha 54, ya hisabati 44. Kila somo lina sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiharibu sehemu ya kwanza kwa haraka, ya pili inakuja nyepesi lakini alama za juu zimeshafungwa. Kwa hiyo dakika za ziada zitumieni kuhakiki sehemu ya kwanza. Gharama kwa mgeni inapita dola 100. Kwa maombi ya 1 Novemba mtihani wa Oktoba ndio wa mwisho ulio salama, na kwa Januari ni wa Desemba. Alama hutoka baada ya wiki 2 hivi, na vyuo vingi vinakubali uziandike mwenyewe kwenye fomu, zile rasmi zinatumwa ukishakubaliwa.

Kuhusu Kiingereza: Harvard hawadai TOEFL. Yale wanashauri uifanye isipokuwa kama umesoma sekondari kwa Kiingereza kwa angalau miaka miwili. Chuo kinachodai kwa kawaida kinapokea TOEFL, IELTS au Duolingo, na Duolingo ndiyo nafuu kwa bei. Matokeo hudumu miaka 2.

---

Mwalimu wa Taaluma

Salaam wadau. Naomba nizungumze kwa niaba ya upande wa shule, kwa sababu nusu ya maombi haya haiandikwi na mwanafunzi.

Shule inatakiwa kutoa transkripti, barua ya mshauri wa wanafunzi, ripoti ya shule, na maelezo mafupi kuhusu shule yenyewe. Walimu wawili wa masomo wanaandika barua za mapendekezo. Katikati ya mwaka kuna ripoti nyingine, na mwishoni ya kumalizia. Shule isiyo na mshauri, mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anaweza kushika nafasi hiyo. Kinachotakiwa ni barua pepe inayofunguliwa kweli. Kiungo cha kujaza kinatumwa humo, na mara nyingi kinaangukia kwenye takataka za barua pepe, mwalimu hakioni hadi tarehe inapita.

Kabla ya kumwalika mwalimu, mwanafunzi anasaini sehemu ya FERPA, yaani kama anaacha haki yake ya kusoma barua hizo baadaye. Acha haki hiyo. Barua ambayo mwandishi anajua haitasomwa na mwanafunzi inaaminika zaidi.

Sasa barua yenyewe. Barua nyingi zinazotoka kwenye shule zetu ni mistari mitano: "ni mtiifu, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake, anawahi darasani." Msomaji wa udahili hapati kitu hapo, kwa sababu hakuna anachoweza kumtofautishia mwanafunzi huyu na wengine. Mpe mwalimu wako ukurasa mmoja, wiki 4 au 6 kabla: mada uliyoihangaikia darasani na ulivyoivuka, swali ulilouliza lililobadilisha somo, kazi uliyoifanya bila kuamriwa. Mwalimu atachagua mwenyewe na kuandika kwa maneno yake.

Usimwandikie mwalimu barua akaiweka saini tu. Barua tatu zenye sauti ile ile na makosa yale yale zinaonekana mara moja, na udahili hufutwa hata baada ya kukubaliwa.

Jambo jingine: msibadilishe alama kwenda GPA, yaani wastani wa alama kwa mtindo wa Marekani. Kama shule inatoa A, B, C au asilimia, ziachwe zilivyo, na kwenye fomu sehemu ya GPA chagua kwamba haipo. Wasomaji wanaijua mitihani ya nchi nyingi. Jedwali la kubadilishia lililookotwa mtandaoni linaleta shaka bure. Mahali pa kueleza mfumo ni kwenye maelezo ya shule: wanafunzi wangapi darasani, alama ya juu hupatikana na wangapi, masomo gani hayafundishwi kabisa. Hilo la mwisho lina uzito. Mwanafunzi hahukumiwi kwa kukosa somo ambalo shule haina, ila lazima mtu aseme kwamba halipo.

---

BintiMwandishi

Asante sana Mwalimu, shikamoo. Nichukue sehemu ya kuandika.

Common App ina insha moja ya maneno 250 hadi 650, inayokwenda vyuo vyote. Juu yake kila chuo kina maswali yake mafupi. Hizo nyongeza ndizo zinazokula muda: ukiwa na vyuo 10 unaweza kujikuta na majibu 25 au 30 ya kuandika.

Sehemu inayodharauliwa ni shughuli. Una nafasi 10: cheo herufi 50, maelezo herufi 150, na nafasi tupu kati ya maneno zinahesabiwa. Hapo maneno ya heshima hayana kazi. Linganisheni, ingawa fomu inajazwa kwa Kiingereza:

*Nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya hisabati ambapo nilionyesha uongozi bora na moyo wa kusaidia wanafunzi wenzangu.*

*Nilitunga maswali 40 kwa wiki. Nilifundisha wanafunzi 25 wa kidato cha pili. 18 walipandisha daraja la hisabati.*

Urefu unakaribiana. La kwanza linaweza kuandikwa na mwenyekiti yeyote, la pili lina mtu ndani yake. Na tarakimu ziwe za kweli, maana mshauri wako anaweza kuulizwa.

Kulea wadogo, kuuza dukani, kulima na kumwuguza mzazi ni shughuli. Fomu ina kundi lake la majukumu ya familia. Saa 20 kwa wiki za kazi ya nyumbani zinaeleza kwa nini huna tuzo sita za mdahalo. Mtu anayeficha hilo kwa aibu anajinyima mwenyewe.

Kwenye insha, umaskini peke yake si mada. Wasomaji wanataka kuona unavyofikiri. Ukielezea bomba la maji lililoharibika, wataka kujua ulilichunguza vipi, ulijaribu nini kwanza, kwa nini kilishindikana, ukaamua nini. Insha ya kumlilia msomaji inamwacha na huruma tu, na huruma haijazi nafasi darasani.

MIT wana utaratibu wao: hawatumii Common App, wana fomu yao. Hakuna insha ndefu, bali majibu mafupi kadhaa, na shughuli 4 tu. Barua moja itoke kwa mwalimu wa hisabati au sayansi, nyingine kwa wa lugha, historia au masomo ya jamii. Kila mwaka kuna wanaoleta fizikia na kemia.

---

Kisiwa Kimoja

Mimi naona ujaze vyuo vyote 20 ambavyo Common App inaruhusu. Ukirusha nyavu nyingi utapata samaki.

---

BintiMwandishi

Kaka, nakupinga kwa heshima. Vyuo 20 ni insha za nyongeza zaidi ya 40, na ya thelathini itakuwa imenakiliwa. Jina la chuo kingine linabaki ndani ya jibu, na hapo umeshaondoka. Vyuo 8 hadi 12 vinatosha: vinne au vitano kati ya vile visivyotazama pesa, vilivyobaki ni vyuo vidogo vinavyoziba pengo lote hata kama vinatazama pesa, na angalau viwili ambavyo alama zako ziko juu ya wastani wao. Halafu weka chuo cha nyumbani pembeni, kiombwe kwa wakati wake. MIT huchukua karibu asilimia 2 ya wageni wanaoomba. Hata aliye bora kabisa hawezi kuliita hilo tegemeo.

---

Dada wa Mahesabu

Wakuu, vipi kuhusu CSS Profile? Na baba akiwa mkulima, hana hati ya mshahara wala ya kodi?

---

KaratasiSafi

Dada, hili ndilo swali kubwa la uzi huu, nalijibu kwa kirefu.

CSS Profile ni fomu ya kupimia uwezo wa familia. Chuo cha kwanza ni dola 25, kila kinachoongezeka dola 16. Msamaha wa moja kwa moja ni wa wanafunzi wa ndani ya Marekani, kwa hiyo mgeni aandikie ofisi ya fedha ya chuo kuomba msimbo wa kulipia au fomu mbadala ya bure. Vyuo kadhaa vinatoa, ukiomba mapema. Kwa ada ya maombi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni dola 75 hadi 90, Common App ina sehemu ya msamaha: mkuu wa shule au kiongozi wa jamii anaandika kuthibitisha hali yako.

Fomu inauliza kipato cha miaka miwili nyuma. Anayeingia 2027 anaulizwa cha 2025. Unajaza kwa fedha ya nchini kwenu, kwa hiyo usibadilishe kwenda dola mwenyewe, wala usichanganye mwezi na mwaka. Kosa hilo la mwezi na mwaka linaikuza au kuipunguza familia mara 12, na kulisafisha baadaye kunachukua wiki.

Kwa mkulima: piga mauzo ya mwaka mzima, toa mbegu, mbolea, vibarua na usafiri. Kinachobaki ndicho kipato. Chakula mnachokila kutoka shambani kielezwe kwenye nafasi ya maelezo. Nyumba na shamba andika bei ambayo mngeuza leo, si bei ya kununulia. Mjomba akikulipia ada ya shule, hiyo ni misaada kutoka kwa wengine na ina mstari wake.

Msijaze sifuri kila mahali. Familia ya watu sita inakula, inalipa nauli, inanunua dawa. Sifuri tupu humfanya afisa aone fomu haijakamilika, na faili linasimama likisubiri maelezo. Kiasi kidogo kilichoelezwa vizuri kinapita haraka.

Pasipo hati ya kodi, pata barua ya serikali ya mtaa au kijiji yenye muhuri, ikitaja kazi ya mzazi na kipato cha mwaka kwa tarakimu. Barua isemayo tu "familia hii ni maskini" haitoshi. Ikiwa si ya Kiingereza, itafsiriwe na mtu asiye wa familia, anayetambulika, na nakala zote mbili ziende pamoja.

Wazazi waliotengana: vyuo vingi vinataka taarifa za wote wawili. Kama mmoja hajulikani alipo au hamna mawasiliano, kuna ombi maalumu la kusamehewa, linalohitaji barua ya mtu wa nje anayejua hali hiyo, kama mwalimu au kiongozi wa dini. Liombwe sambamba na CSS, lisingoje majibu ya udahili.

---

Mwalimu wa Taaluma

Nikumbushe majina. Mwenye majina matatu kwenye cheti cha shule na mawili kwenye pasipoti atapata tabu. SAT inalinganisha jina la usajili na kitambulisho mlangoni, na nchi nyingi kitambulisho kinachokubalika ni pasipoti. Fuateni pasipoti kila mahali: SAT, TOEFL, Common App, CSS. Kama cheti kinatofautiana, mkuu wa shule aeleze kwenye barua yake kwamba ni mtu mmoja. Na pasipoti iombwe mwaka mmoja kabla, isiwe wiki ya kujisajili.

---

mwanadarasa_wa_sita

Nashukuru sana. Na ukishakubaliwa na kupewa fedha zote, kuna gharama nyingine inayojificha?

---

Hesabu Kwanza

Zipo, kaka. Chuo kitakutumia I-20, hati ya kuombea visa ya mwanafunzi. Ukiipata unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, unajaza DS-160 ambayo ni fomu ya visa, unalipa ada ya visa dola 185 ambayo hairudi hata ukinyimwa. Uliza ofisi ya fedha kama SEVIS na tiketi ya kwanza vinaweza kuingizwa kwenye msaada. Baadhi hukubali, lakini hawatoi bila kuulizwa. Huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20.

Soma barua ya msaada mstari kwa mstari. Kuna fedha ya bure, kuna kazi ya chuoni, na kuna mchango wa mwanafunzi unaotarajiwa utokane na kazi ya likizo. Kazi ya chuoni haiji ikiwa taslimu siku ya kwanza. Unaifanya, kisha unalipwa, na kwa visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

La mwisho ni kodi, na hili huwashtua wengi mwezi wa kwanza. Ufadhili unaolipia ada na vitabu vya lazima hautozwi. Sehemu inayolipia malazi na chakula hutozwa, na kwa mgeni mwenye F-1 chuo hukata asilimia 14. Ukipewa dola 18,000 za malazi na chakula, hiyo ni dola 2,520 kwa mwaka, na inaweza kutokea kama deni kwenye akaunti yako ya chuo. Kabla ya kukubali nafasi, andikia ofisi ya fedha swali moja tu: je, kodi ya asilimia 14 imeshaingizwa kwenye hesabu ya msaada wangu? Jibu liwe kwa maandishi, ulihifadhi pamoja na barua ya msaada.